Ziwa si bahari: jibu kwa dada wa Bamburi anayeipeleka familia Naivasha

Swali: "Assalamu alaykum kaka. Sisi tunakaa Bamburi, tuko watu saba: mimi na mume wangu, watoto watatu (mkubwa ana miaka 15, mdogo 6), mama yangu wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua, na mdogo wangu wa kiume. Kila likizo tunawapeleka watoto ufuoni, sasa wamechoka na mchanga. Agosti hii tunataka kwenda Naivasha, penye ziwa na mlima, tulale mara tatu turudi. Tufanye nini huko? Na zaidi, tule wapi, maana mama hagusi nyama asiyojua imechinjwa na nani? Je, tubebe chakula chetu?"

Waalaykum salaam dada yangu. Kazi yangu ni kuwapeleka watu wa Mombasa bara, kwa gari na kwa treni, na swali kama lako naulizwa kila likizo ikikaribia. Nianze na lile ambalo hukuuliza, kwa sababu hilo likieleweka, mengine yatajipanga yenyewe. Ziwa si bahari. Mtu wa pwani akiona maji mapana hujiona amefika kwao. Huvua viatu, hukunja suruali, huteremka. Safari za Naivasha huharibikia hapo.

Mara ya kwanza nilipowapeleka watu wa nyumbani kwangu tulifika saa kumi na mbili na nusu jioni, jua linatua upande wa Mau. Mama mkwe akaona wakati wa Magharibi unamkimbia. Hakuuliza mtu, alishuka moja kwa moja hadi ukingoni kutawadha. Maji yametulia, hakuna hata ukoka unaotikisika. Mbele yake, hatua kama kumi na tano, kulikuwa na mawe matatu meusi. Kijana aliyekuwa akifunga mashua yake akasema, si kwa kelele, kwa sauti ya chini ya mtu anayeogopa: "Mama, rudi. Usigeuke, rudi hivyo hivyo." Jiwe moja likapumua. Mama mkwe akarudi kinyumenyume, mkono mmoja umelowa na mwingine mkavu, akaenda kutawadha upya bombani. Tangu siku ile ziwa akalitazama asubuhi tu, tena akiwa ndani ya mashua.

Kiboko ana ratiba yake. Mchana kutwa hujizamisha majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Giza likiingia hupanda nchi kavu kula nyasi, na nyasi laini kuliko zote ni zile za bustani za hoteli. Kwa hiyo ukingo wa ziwa, ambao kwenu Bamburi ungekuwa mahali pa kupunga upepo baada ya Isha, kule hufungwa jua likitua. Kambi nyingi zimezungushia waya wa umeme, na askari wa usiku atawasindikiza kwa tochi kutoka mezani hadi chumbani. Mkubalini, msimwambie mnajua njia. Na huyo wa miaka sita aambiwe kabla hamjatoka nyumbani kwamba mpira ukiangukia majini umekwenda. Kuogelea ziwani hakuna, hata mchana. Tafuteni malazi yenye bwawa la kuogelea.

La pili ni upepo. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai, nai'posha, maana yake maji yanayochafuka. Asubuhi ziwa linalala. Baada ya adhuhuri upepo huanza, na kufikia alasiri kuna mawimbi mafupi yenye hasira yanayogonga ubavu wa mashua. Sisi tuna kusi na kaskazi, ziwa lina asubuhi na alasiri. Basi pangeni hivi: kila kitu cha maji, cha baiskeli na cha mlima kiishe kabla ya saa sita mchana. Alasiri ni ya kula, chai na usingizi.

Njia ya kwenda. Kwa mama mwenye magoti mabovu nisingependekeza gari kutoka Mombasa. Ni zaidi ya kilomita 570, na mtateremka mkiwa mmevimba miguu. Pandeni treni Miritini, ile ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya njiani. Inafika Syokimau, kituo cha Nairobi, kama saa nane mchana. Ile ya alasiri ina kasi zaidi lakini inawafikisha usiku, na usiku si wakati wa kuanza kuteremka Bonde la Ufa na watoto. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima, watoto wadogo wanalipa nusu. Kateni tiketi mapema, Agosti mabehewa hujaa. Hakikisheni saa siku hiyo hiyo mnapokata, maana ratiba hubadilika.

Agizeni gari la watu saba au zaidi liwasubiri Syokimau. Dereva apite barabara ya kando ya kusini, msiingie katikati ya jiji. Halafu mwambieni ashukie njia ya chini, ya Mai Mahiu. Kuna mahali ukutani mwa bonde ambapo magari husimama: bonde lote liko chini ya miguu yenu, na Longonot imekaa katikati yake, kilele kimekatwa kama chungu kilichovunjika mdomo. Hapo pana vibanda vya kofia za ngozi ya kondoo na mashuka ya Kimaasai. Mama akifunguliwa mlango, baridi itamweleza kwa nini. Mnunulieni shuka papo hapo, ila bei mnayotajiwa kwanza si bei. Mkiendelea kuteremka mtaona kando ya barabara kikanisa kidogo sana. Kilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakichonga barabara hiyo.

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Agosti ukiamka alfajiri pumzi inatoka kama moshi, na mtu aliyezaliwa Bamburi akipanda ngazi mbili anahema. Usiku wa kwanza msipange kitu. Kuleni, laleni.

Asubuhi ya pili iwe ya mashua. Fikeni gatini saa moja na nusu. Bei hupatanwa kwa mashua nzima na kwa saa, si kwa kichwa, kwa hiyo nyinyi saba ni mzigo mmoja, msikubali kuhesabiwa. Ulizeni maswali matatu kabla ya kutoa hela: jaketi za kuelea ziko ngapi, na ile ya mtoto iko wapi, saa inaanza kuhesabiwa lini, na kiingilio cha kisiwani kimo au hakimo. Jaketi ya mtu mzima juu ya mtoto wa miaka sita ni mapambo tu, akianguka itapanda juu yeye abaki chini. Kama hawana ndogo, tokeni mwende kwa mwingine. Hapo usione haya.

Ziwa lenyewe ni la maji matamu, ingawa huoni mto unaotoka. Mito ya Malewa na Gilgil inaingia, na maji yanapenya chini kwa chini, ndiyo sababu halikugeuka chumvi kama majirani zake. Miaka ya karibuni, hasa 2020, lilipanda likameza bustani, njia na nyumba za watu. Migunga ile ya magome ya manjano imekufa imesimama majini kama nguzo za gati la zamani, na juu ya kila nguzo kuna mnandi anayeanika mbawa. Mwambieni nahodha awaonyeshe furukombe. Atapiga mluzi, atainua samaki hewani, na kule juu ya mti ndege mwenye kichwa cheupe atainua shingo. Samaki anarushwa kama hatua thelathini kutoka mashuani. Ndege anajirusha, hashuki wima kama mnavyofikiri, anakuja amelala, makucha yanagusa maji mara moja tu na samaki hayupo. Huyo mdogo atataka irudiwe. Nahodha naye anajua atataka, ndiyo maana ana ndoo.

Kisha Kisiwa cha Crescent. Kwa kweli ni ukingo wa kreta ya zamani uliochomoza majini, na sehemu yenye kina kirefu ya ziwa iko hapo kando yake. Ni hifadhi ya mtu binafsi, na raha yake ni kwamba mnatembea kwa miguu kati ya wanyama. Simba hakuna, chui hakuna. Twiga, pundamilia, nyumbu, kuro na swala wako hapo, wanawatazama mnavyopita. Mtoto wa Mombasa aliyewahi kumwona twiga kwenye ukuta wa darasa tu, akisimama hatua ishirini kutoka kwenye miguu ile mirefu, hunyamaza. Nimeona wengi wakinyamaza hivyo. Mama si lazima azunguke kisiwa kizima. Ardhi ya karibu na mahali pa kushukia ni tambarare, atembee anachoweza kisha asubiri kivulini na mmoja wenu. Msiwalishe wanyama wala msiwasogelee kwa picha. Pundamilia akichoka nawe anageuka, na teke lake si mchezo.

Siku ya tatu nawagawa. Mdogo wako na huyo wa miaka 15 wanaweza kupanda Longonot, mita 2,776. Ni jasho. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu za vumbi la volkano, hatua mbili mbele moja nyuma, na kuzunguka kreta yote ni kilomita 7 na ushei tena. Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, wawepo. Juu hakuna maji wala kibanda, kila mtu abebe lita mbili. Wakifika ukingoni wamechoka, watazame msitu ulioota ndani ya kreta kisha warudi. Hakuna atakayewauliza kama walizunguka.

Nyinyi wengine mnaweza kupumzika, au mkaingia mbuga ya Hell's Gate kwa gari. Lakini kama ni kuchagua mahali pamoja kwa familia nzima, basi Hell's Gate badala ya Longonot, na wote mwende pamoja. Ni moja ya mbuga chache za taifa ambapo unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Baiskeli hukodishwa kwenye njia panda ya barabara ya Moi South Lake na pale lango la Elsa. Jaribuni breki zote mbili, na kiti kikazwe, kwa sababu kutoka langoni hadi korongoni ni kilomita saba au nane. Kwenda kuna mteremko unaojipendekeza. Kurudi ndipo mnalipa. Baba, mjomba na watoto wawili wakubwa kwenye baiskeli. Wewe, mama na mdogo garini nyuma yao, na maji na ndizi. Kutaneni penye mnara wa mwamba unaoitwa wa Fischer, kwa jina la Mjerumani aliyepita hapo mwaka 1883. Una kimo cha mita 25 hivi, vijana huupanda kwa kamba. Lakini macho ya mtoto wako yatakuwa chini yake, kwa pimbi wanaokuja kunusa mifuko. Mlo uwe ndani ya gari. Nyati wakiwa karibu na njia, baiskeli zisimame hadi wahame, au wajibane nyuma ya gari lenu.

Lile korongo la mwisho, Ol Njorowa, nawaomba mlichukulie kwa uzito. Ni zuri, kuta zimechongwa na maji, na kuna mahali maji ya moto yanachuruzika kutoka mwambani. Lakini mwaka 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu mle ndani. Mvua hunyesha mbali, kwenye vilima msivyoviona. Nyinyi mko kwenye jua, na ukuta wa maji unakuja nyuma yenu katika upenyo usio na pa kupandia. Kama askari wa wanyamapori wamelifunga, limefungwa. Kama liko wazi, ingieni na kiongozi wa hapo, na mkiona wingu zito upande wowote rudini. Mama asishuke kabisa, kuna mahali unateremka kwa matako.

Ng'ambo ya mbuga mtaona mabomba na mawingu meupe ya mvuke. Hiyo ni Olkaria, ambako umeme wa joto la ardhini umezalishwa tangu 1981. Pana bwawa la kuogea la maji ya moto kutoka ardhini, rangi yake ya buluu iliyochanganyika na maziwa. Wengi husema magoti hulegea humo. Sikuahidi dawa, ila mama mkwe alikaa ukingoni akatia miguu saa nzima, na hakutaka kuondoka.

Alasiri ya siku hiyo nendeni Elsamere. Ilikuwa nyumba ya Joy Adamson, mwanamke aliyemlea simba jike Elsa. Leo ni makumbusho madogo na bustani kando ya ziwa. Mnalipia chai ya alasiri, mnapewa keki na biskuti, na mbega wanashuka mitini na mikia yao myeupe kama kanzu za Ijumaa. Mshikilieni mtoto sahani yake. Hapo ndipo mama atakapopapenda zaidi ya pote: kiti chenye mgongo, chai ya moto, na hakuna anayemwambia atembee.

Sasa chakula, ambacho najua ndicho kilichokufanya uandike.

Samaki hana mchinjaji, kwa hiyo wasiwasi wa mama unaishia hapo, na Naivasha samaki yuko. Nendeni ufuo wa umma wa Kamere, barabara ya Moi South Lake, si mbali na njia ya kuingilia Hell's Gate. Ndipo wavuvi wanaposhusha, na akina mama wanakaanga hapo hapo. Kuna sufuria pana, mafuta meusi kidogo kwa kazi, na mama mmoja aliyejifunga leso kichwani, anamchanja tilapia mistari mitatu kila ubavu kwa kisu kilicholiwa na jiwe hadi kimebaki ulimi. Chumvi kwenye mikato, basi. Hakuna ukwaju, hakuna tui, hakuna kitunguu saumu. Mtamhukumu kabla hamjaonja, najua, mie nilimhukumu. Kisha ngozi ikapasuka kwa sauti meno yalipogusa.

Mchagueni samaki wenyewe. Hilo hamfundishwi: jicho liwe wazi, mashavu mekundu. Mtapewa tilapia au kapu, samaki ambaye Waingereza humwita carp. Kapu ni mkubwa na bei yake nafuu, nyama ina utamu, lakini miiba yake midogo imejificha kila mahali, si samaki wa mtoto wa miaka sita wala wa bibi anayekula huku anazungumza. Waulizeni wamkaange mkavu, au wamkaange kisha wamtie kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu. Ugali utakuja mgumu, wa kusimama, na sukuma wiki. Ujanja ni huu: agizeni na mlipe kidogo asubuhi mnapopita kwenda mashuani, mwambieni saa mtakayorudi. Mkifika na njaa saa saba bila kuagiza mtasubiri hadi watoto waanze kugombana.

Na kwa kuwa unapenda kujua unachokula: samaki wale wote ni wageni kama nyinyi. Waliletwa. Besi mwenye mdomo mpana aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 ili wazungu wavue kwa mchezo, na tilapia nao wakaletwa. Mwaka 1970 wakatiwa kamba wa maji baridi wa Louisiana, na kapu akaingia kwa bahati mbaya kama robo karne iliyopita, akaenea hadi leo ndiye anayejaza nyavu. Hao kamba mkiwapata mahali kwenye menyu, jaribuni, ila msitarajie kamba wa Ngomeni. Ni wadogo, kazi ya kumenya ni nyingi kuliko nyama.

Nyama ina maneno zaidi. Machinjio mengi ya Kenya huajiri Waislamu wachinje, kwa hiyo mbuzi wa buchani kwa kawaida si tatizo. Tatizo ni jikoni. Hoteli moja ya kando ya ziwa, siitaji, ilinihakikishia kwamba kila kitu chao ni halali. Nikaingia kuomba maji ya moto ya mtoto, nikamkuta mpishi anageuza soseji za nguruwe na kuku wetu juu ya wavu mmoja, kwa koleo lile lile. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumweleza. Kwa hiyo usiulize tu kama nyama ni halali. Uliza kama wanapika nguruwe, na kama wanapika, uliza wavu gani. Wakibabaika, agizeni samaki, mayai, mboga. Mjini Naivasha msikiti upo, na kanuni yangu ya bara yote ni ile ile: swalini Adhuhuri, kisha muulizeni yeyote anayevaa viatu mlangoni anakula wapi. Mtu huyo hakosi jibu, na mara nyingi anawapeleka mwenyewe.

Kama mume wako ni mtu wa nyama choma, kuna Kikopey, kupita Gilgil kidogo kwenye barabara ya Nakuru. Kwa gari ni chini ya saa moja kutoka Naivasha mjini. Nyumba za mbuzi choma zimepangana kando ya barabara na kila kijana anawavuta kwake. Huko tazameni nyama ikiwa imening'inia, chagueni kipande, ipimwe mbele yenu, mkae. Itachukua saa nzima, na inastahili saa nzima. Mimi ningeitoa alasiri moja kwa hilo, lakini si ile ya Elsamere.

Vyakula vya wenyeji, mukimo na githeri, vionjeni mara moja. Mukimo ni viazi vilivyopondwa na mahindi na majani ya maboga, na mama atasema hauna chumvi. Anachoweza kupenda ni viazi. Vinatoka Kinangop, mlimani pale juu, na chipsi ya kibanda cha Naivasha mjini ina ladha ambayo yetu imeisahau njiani. Watoto wapelekeni duka la Delamere kwenye barabara kuu wakanywe mtindi baridi. Na chai. Chai ya maziwa ya bara, yenye maziwa ya asubuhi ile, inywe kila mtu kila inapopatikana.

Malazi: kaeni kando ya barabara ya Moi South Lake, si mjini, ili asubuhi msipoteze muda. Kuna kambi zenye nyumba ndogo na majiko ya kujipikia, kuna hoteli kubwa za bustani. Carnelley's ni ya wastani, nyumba ziko karibu na ziwa na ina mkahawa wa chakula kizuri, lakini ina baa na vijana wa Nairobi hujaa wikendi. Mkienda huko, iwe kati ya Jumatatu na Alhamisi. Kwa mama ombeni chumba cha chini, na mwulize meneja mablanketi mangapi yako kitandani. Jibu likiwa moja, ombeni la pili kabla hajaondoka ofisini. Jambo jingine: wiki ya Safari Rally bei za Naivasha huruka mara kadhaa. Mbio hizo zimekuwa Machi tangu 2024, kwa hiyo Agosti mko salama.

Viingilio vya Hell's Gate na Longonot hulipwa kwa eCitizen, langoni hawapokei noti. Fungueni akaunti nyumbani mkiwa na mtandao mzuri, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake mkononi, la sivyo mtatozwa kama wageni wa nje.

Mbebe chakula? Cha kupikia, hapana. Nimemwona mtu aliyepanda treni na sufuria ya mbaazi za nazi. Kufika Voi sufuria ilikuwa inatoa povu. Bebeni mahamri ya njiani, yanavumilia hadi usiku wa kwanza. Bebeni ndimu na pilipili mbuzi kwenye kichupa, kwa ajili ya yule samaki wa Kamere. Kashata kwa watoto watakaopanda mlima. Thamosi ya kahawa ya tangawizi, kwa sababu saa moja na nusu pale gatini vidole havitashika kitu kingine. Na soksi za sufu za mama mzinunue Mombasa, hata kama muuzaji atawacheka. Kule zipo, ila mtafika jioni maduka yakifungwa, na ule usiku wa kwanza ndio atakaouzungumzia mwaka mzima.